Nyumba ya mlimani Kilimahewa: nikarabati nini kabla ya kuuza ili bei ipande?

#1 Mteremko
Habari wakuu. Nyumba ipo Kilimahewa, Mwanza, juu kidogo mlimani. Vyumba 3 (kimoja masta), sebule, jiko, choo cha wote ndani. Tofali za bloku inchi 6, msingi wa mawe, bati geji 30, sakafu ya niru (saruji iliyolainishwa), dari hakuna. Kiwanja mita 18 kwa 22. Urasimishaji wa ardhi ulipita, bikoni (alama za mipaka) zipo, lakini ankara ya hati haijalipwa. Gari linaishia kama mita 15 chini ya nyumba, hapo unapanda kwa miguu. Ukuta wa chumba cha nyuma una unyevu, rangi inabanduka mpaka usawa wa kiuno. Na uani kuna jiwe, kwa makadirio ni kama Hiace.

Bajeti ni milioni 12. Dalali wa kwanza anasema tailizi na dari ya jipsamu. Wa pili anasema uzio na geti. Wajuzi, hela iende wapi?

#2 DagaaMbichi
Nimeshaweka kiti. Jiwe usilitoe, ndilo mlinzi wa nyumba.

#3 MthaminiNyanza
Mkuu Mteremko, tuanze na hesabu inayowachanganya wengi: ukitia milioni 12, bei haipandi milioni 12 kwa lazima. Thamani ya soko inapimwa kwa kulinganisha na nyumba zilizouzwa karibu na hapo, za hadhi hiyohiyo. Kama Kilimahewa ya juu hakuna aliyenunua nyumba kwa sababu ya tailizi za bei mbaya, tailizi zako zitakuwa zawadi kwa mnunuzi.

Mnunuzi wa mlimani Mwanza anauliza mambo matatu kabla hajavua viatu: gari linafika? maji yanapanda? hati ipo? Kila "hapana" anaikata kwenye bei, na anakata zaidi ya gharama halisi ya kurekebisha kwa sababu anajumlisha usumbufu na hofu. Kwa hiyo tafuta palipo na pengo kubwa kati ya gharama yako na hofu yake.

Hati inabadilisha aina ya wanunuzi wenyewe. Bila hati unamuuzia mwenye fedha taslimu peke yake. Anayetegemea mkopo wa nyumba hawezi kukununua, benki haina cha kushika. Lipa hiyo ankara kwanza.

#4 FundiLipu
Nampinga kidogo #3 kwenye mpangilio. Hati ni sawa, lakini ule ukuta ndio unaoua bei mlangoni. Mtu akiona lipu inavimba anawaza msingi umekufa, hata kama tatizo ni dogo.

Usipake rangi ya mafuta juu yake. Hilo ndilo kosa la kila siku: rangi ya mafuta inafunga ukuta, maji yanakosa pa kutokea, baada ya masika moja inavimba kama chapati. Na ule unga mweupe unaoutoa kwa kidole ni chumvi. Maji yanapanda kwenye mawe ya msingi na tofali, yanabeba chumvi, yakifika usoni yanakauka na kuiacha hapo. Chumvi ikikua ndani ya lipu inaisukuma nje.

Utaratibu wake:
Bandua lipu yote mpaka sentimita 40 hadi 50 juu ya mstari wa unyevu. Sugua tofali kwa brashi ya waya, kavu, usimwagie maji maana utairudisha chumvi ndani. Nje, shusha udongo uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 angalau. Nyumba nyingi za mlimani udongo wa juu umeteremka ukaegemea ukuta wa nyuma. Mwaga mkanda wa zege kuzunguka, upana sentimita 75, uinamie nje. Acha ukuta ukauke wiki kadhaa. Piga lipu mpya ya 1 kwa 4 (saruji kwa mchanga) yenye dawa ya kuzuia maji, mchanga uliooshwa. Rangi iwe ya maji.

#5 Kokoto_Nusu
#4 umeeleza vizuri lakini umemtibu mgonjwa wa jirani. Nyumba ya mteremko maji hayapandi kutoka chini tu, yanakuja kwa ubavu. Mvua inanyesha mlimani, inapita juu ya mwamba chini ya udongo mwembamba, inakutana na ukuta wa nyuma. Hapo ukipiga lipu hata ya dawa gani, maji yatahamia chumba cha pili.

Dawa ni mfereji wa kukinga upande wa juu, kama mita 1.5 hadi 2 kutoka ukutani. Chimba sentimita 60 au mpaka ugonge mwamba. Weka bomba la inchi 4 lenye matundu, matundu yaangalie chini, likiwa na mwinamo wa sentimita 1 kila mita. Lifunike kokoto safi, juu ya kokoto weka kitambaa cha kuchuja au hata magunia ya plastiki mawili, kisha udongo. Maji yatokee pembeni ya nyumba, yasiende kwa jirani wa chini maana hiyo ni kesi ya mtaa.

#6 Bi Mkuyuni
Na kama ni bomba linavuja? Chumba cha nyuma ndicho masta? Bafu lipo upande gani, kaka? Kabla hujachimba chochote fanya mambo mawili ya bure.

Kwanza kata nailoni safi, sentimita 30 kwa 30, bandika ukutani kwa solotepu pande zote nne. Acha siku mbili. Maji yakiwa nyuma ya nailoni, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni hewa ya chumbani, watu wanalala madirisha yamefungwa.

Pili funga koki zote usiku, soma mita ya maji, soma tena alfajiri. Ikiwa imesogea, kuna panapovuja.

#7 Kokoto_Nusu
Nyongeza kwa Bi Mkuyuni: kama kuna tanki, boya litaendelea kujaza usiku na mita itasogea bila bomba lolote kuvuja. Funga valvu inayoingia kwenye tanki kwanza. Mtu anaweza kubomoa bafu zima kwa sababu ya boya.

#8 Mama Geti
Nyie mnakausha ukuta, mimi naangalia mita 15 za miguu. Gari kufika mlangoni ni tofauti ya bei kubwa kuliko kitu chochote kilichotajwa hapa. Mwenye gari hanunui nyumba ambayo gari linalala barabarani, na asiye na gari ananunua akijua atalipata.

Njia haihitaji kufunikwa zege yote. Mwaga mikanda miwili ya matairi, kila mmoja upana sentimita 60, katikati acha moramu au panda nyasi. Unene sentimita 10, urefu mita 15: jumla ni mita za ujazo 1.8. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) ni kama mifuko 12 ya saruji. Chora mistari ya kukwaruza juu kabla haijakauka, matairi yashike wakati wa mvua.

#9 FundiLipu
Dada, sentimita 10 kwenye mteremko? Siku ya kwanza lori la mchanga au la maji likipanda itapasuka kama biskuti. Weka 15, na chini yake moramu iliyoshindiliwa sentimita 10. Ujazo unakuwa 2.7, saruji mifuko 18. Kata kiungio kila mita 3 ili ikipasuka ipasukie pale unapotaka wewe.

#10 Mama Geti
Sawa, nimekubali 15. Lakini umekubali na wewe kwamba njia inatangulia lipu 😂

#11 FundiLipu
Sijakubali.

#12 Ngosha wa Igoma
Swali kwa mtoa mada: hizo mita 15 ni za nani? Mlimani njia nyingi zinapita kwenye kiwanja cha mtu aliyekubali kwa mdomo tu. Angalia ramani ya urasimishaji. Kama njia imechorwa kama barabara ya mtaa, mwaga zege lako. Kama haikuchorwa, zege lako linamfaidisha mwenye ardhi, na siku akijenga choo hapo mnunuzi wako atakutafuta wewe. Pata makubaliano ya maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, yawe sehemu ya nyaraka za mauzo.

Na mwinamo? Ukipanda zaidi ya mita 1 kwa kila mita 6, gari dogo linakwaruza tumbo pale juu mteremko unapokatika.

#13 Mteremko
Wabeja sana wote. Majibu ya maswali: njia imechorwa kwenye ramani, upana mita 4. Mwinamo ni kama mita 2 kwa zile 15. Bafu la masta limepakana na ukuta wenye unyevu. Nailoni nimebandika leo. Tanki lipo, lita 2000, juu ya mnara wa chuma mita 3.

#14 MthaminiNyanza
Mwinamo unafaa, na njia ni halali. Hapo Mama Geti amepata pointi.

#15 BombaMbili
Ngoja niingilie kwenye tanki. Mnara wa mita 3 kwa nyumba yenye shawa ni pambo. Kila mita 10 za kimo ndiyo kama baa 1 ya msukumo. Kichwa cha shawa kipo mita 2 kutoka chini, kwa hiyo tanki likiwa limebaki maji kidogo una mita 1 tu, yaani baa 0.1. Hita ya papo kwa papo huenda isiwake kwa msukumo huo. Mnunuzi anafungua shawa, inatoka kama chai ya buli, anatikisa kichwa.

Na wewe una jiwe uani! Jiwe lina urefu gani juu ya sakafu? Mlimani tanki linawekwa juu ya jiwe, mnara wa bure. Sawazisha kilele kwa zege, toboa mwamba na kusimika nondo nne za mm 12 kwa gundi ya nondo, jenga kibebeo cha mduara kipana kuliko kitako cha tanki. Tanki likiwa na lita 2000 ni tani 2, usiliweke kwenye mabanzi. Bomba la kushuka lifunikwe, jua linaua plastiki.

#16 DagaaMbichi
Nilisema toka #2 jiwe lisiguswe. Nadai asilimia ya dalali.

#17 Sato_Wa_Kukaanga
Jiwe linaweza kuwa mali au balaa. Angalia limekaa juu ya nini. Likiwa limeota, yaani ni kichwa cha mwamba wa chini, tanki ruksa. Likiwa limekaa juu ya udongo au limeegemea jiwe jingine, usilibebeshe kitu, na usichimbe mfereji wa #5 chini yake! Mawe yanateremka mara nyingi baada ya mtu kuondoa udongo uliokuwa unayashikilia, mvua ikamalizia kazi.

Kama ni la kutoa, usikubali habari za kuchoma matairi juu yake. Moto na maji ya baridi unapasua kweli, lakini unachubua tabaka juujuu, moshi unaharibu rangi na mabati, na majirani watakuita majina. Karibu na nyumba njia safi ni tindo na kabari. Toboa mstari wa matundu kila sentimita 15 hadi 20, kina kama sentimita 10, kufuata mshipa wa jiwe. Ingiza vipande viwili vya chuma kila tundu na kabari katikati, gonga kwa zamu tundu moja moja. Ukisikia mlio umebadilika kutoka "ting" kwenda "dub", acha, kaa pembeni, jiwe linajifungua lenyewe. Baruti ni ya wenye kibali tu.

Na mawe yanayotoka usiyauze. Yanatosha kujengea ukuta wa kuzuia udongo.

#18 Bi Mkuyuni
Ukuta wa mawe wa kuzuia udongo lakini uachwe matundu ya kutolea maji! Bomba la inchi 2 kila mita 1.5, nyuma yake kokoto. Kuta zinazoanguka Mabatini na Igogo wakati wa masika mara nyingi zilikuwa nene kweli, ila hazikuwa na tundu hata moja. Maji yanajaa nyuma, uzito unaongezeka, ukuta unalala.

#19 Umeme_Salama
Hakuna aliyegusa umeme. Mnunuzi mwerevu anakuja na fundi.

Milimani shida kubwa ni ethi, yaani njia ya kupeleka umeme wa hitilafu ardhini. Fundi anapiga fimbo ya ethi, inagonga mwamba kwenye sentimita 40, anakata iliyobaki na kufukia. Kwa macho iko sawa, kwa kipimo haifai, na kanda hii ya ziwa radi si haba. Mahali penye mwamba chimba mtaro sentimita 50 hadi 60, hata mita 10 kwa urefu kama udongo upo, laza waya wa shaba usio na ganda, unganisha na fimbo fupi mbili tatu pale zinapoingia, elekea sehemu yenye unyevunyevu. Kisha ipimwe kwa kifaa, si kwa taa.

Waya: taa mm 1.5, soketi mm 2.5. Hita ya shawa ya kilowati 5.5 inavuta kama ampea 24, kwa hiyo iende peke yake na mm 4 kutoka kwenye bodi ya breka. Nyumba nyingi hita imechomekwa kwenye waya wa soketi. Weka na breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30.

#20 Ngosha wa Igoma
Hayo yote kweli, ila yanaonekana kwenye bei? Waya umo ukutani.

#21 Umeme_Salama
Hauonekani mpaka mnunuzi aguse shawa na kupigwa shoti mbele ya mkewe.

#22 Dari_Nyeupe
Nawatetea madalali. Nyumba isiyo na dari Mwanza mchana ni tanuri, bati linaongea kila mvua. Mnunuzi anakuja saa 8 mchana, dakika tano anataka kutoka. Dari inaongeza hata muda wa mtu kukaa ndani kuiangalia nyumba.

Lakini jipsamu isitangulie paa. Kwanza mtu apande akague misumari, kofia na maungio, arekebishe, amwagie maji kwa mpira. Jipsamu ikilowana mara moja inaota madoa ya kahawia, na doa linapita kwenye rangi mpya. Fremu ya mbao 2x2 ipigwe dawa ya mchwa, nafasi sentimita 60 kwa 60. Kwenye bafu na jiko tumia PVC.

Bati la geji 30 usilibadilishe kwa ajili ya kuuza, bado lipo vizuri. Geji 32 ndiyo ingekuwa nene, hiyo ndiyo...

#23 Kokoto_Nusu
Hapana mkuu, kinyume. Namba ya geji ikipanda bati linakuwa jembamba. 28 ni nene kuliko 30, 30 kuliko 32.

#24 Dari_Nyeupe
Kweli, nimepindua. Ahsante.

#25 Tailizi_Safi
Kwa kuwa kuna niru: tailizi hazishiki juu ya niru laini. Mafundi wa haraka wanabandika hivyohivyo, baada ya mwaka zinanyanyuka katikati ya sebule kama hema. Niru ichimbwechimbwe kwa tindo au shoka dogo mpaka ionekane mbaya kabisa, ioshwe, ndipo gundi. Boksi la 60 kwa 60 lenye vipande 4 linafunika mita 1.44 za mraba, ongeza sehemu moja ya kumi ya kukata na kuvunjika. Acha nafasi ya mm 2 hadi 3 kati ya vipande na mm 5 hivi ukutani, skatingi itaifunika. Ukimaliza gonga kila kipande kwa sarafu, chenye mlio wa debe kitoe siku hiyohiyo.

Mimi ningeweka sebule na korido tu. Vyumbani niru iliyosafishwa inatosha, mnunuzi ana rangi yake anayoipenda.

#26 Mteremko
Mrejesho. Nailoni: maji nyuma yake. Mita: nilifunga valvu ya tanki kama alivyosema Kokoto_Nusu, mita haikusogea kabisa.

#27 Kokoto_Nusu
Basi si bomba. Ni mlima. Mfereji.

#28 Bi Mkuyuni
Polepole. Valvu ya tanki ikifungwa, mita inapima bomba la kutoka barabarani mpaka tankini tu. Bafu linalishwa na tanki, na hilo hujalipima. Jaza tanki, funga valvu ya kuingia na kila koki ndani, weka alama ya maji kwa kalamu, angalia asubuhi. Na bado kuna maji taka: sakafu ya bafu inaweza kuvuja kwenye maungio bila mita wala tanki kujua. Ziba tundu la sakafu, mwaga maji kina cha sentimita 2, weka alama, acha saa 24.

#29 FundiLipu
Na chumvi? Chumvi ile kwa kawaida inatoka kwenye udongo na tofali, si kwenye maji ya bomba. Udongo unaegemea ukuta kwa nyuma au hauegemei?

#30 Mteremko
Unaegemea, kama sentimita 40 juu ya sakafu.

#31 FundiLipu
Nilisema #4.

#32 Kokoto_Nusu
Na nani aliusukuma huo udongo? Maji ya mlimani. Nilisema #5.

#33 MthaminiNyanza
Mkiwa mnagombana, niseme la karatasi. Kila kitu mnachonunua dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi). Kodi ya faida ya mtaji kwa mkazi ni 10% ya faida, na gharama za uboreshaji zinaingia kwenye gharama ya mali, zinapunguza faida. Fundi aliyelipwa mkononi bila karatasi, TRA hawamjui. Kuna msamaha kwa makazi yako mwenyewe faida isipozidi milioni 15, na una masharti ya muda wa kumiliki na kuishi, kaulizie ofisini kwao.

Ridhaa ya mwenza iandikwe. Mauzo mengi yanakwamia hapo, si kwenye lipu.

#34 Ziwani_Kwetu
Samahani kuingilia uzi. Na nyumba ya ufukweni Luchelele je? Kuna mtu anataka kuweka gati dogo na bustani mpaka majini ili iuzwe ghali.

#35 MthaminiNyanza
Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57: mita 60 kutoka ukingo wa ziwa haziruhusiwi shughuli za kudumu au zinazoweza kuathiri mazingira. Hiyo bustani na gati ni mali ambayo mthamini makini hataihesabu. Halafu ziwa halisimami. Mei 2020 lilipanda kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, nyua za watu zikawa mabwawa. Mnunuzi wa ufukweni sasa anauliza maji yalifika wapi mwaka ule. Muuzaji amwonyeshe alama, ndiyo inauza kuliko gati.

#36 Sato_Wa_Kukaanga
Ufukweni kuna na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi. Taa nyeupe kali juu ya mlango ni kuwaalika, asubuhi ukuta umekuwa kijivu. Taa ya njano, ikae mbali na mlango, na nyavu za matundu madogo madirishani. Gharama ndogo, mnunuzi wa jioni anaona tofauti.

#37 BombaMbili
Turudi mlimani. Gata, wakuu! Maji ya paa yanadondoka nyuma palepale penye unyevu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 120, mvua moja ya milimita 20, ni lita 2400, na kama nusu yake inaangukia nyuma ya ukuta mnaobishania. Gata ya upande wa nyuma na bomba mpaka kwenye tanki la pili la chini: unapunguza maji ukutani na unampa mnunuzi akiba ya siku mgao ukiwepo.

#38 Kokoto_Nusu
Hii ndiyo hoja ambayo sikuitarajia. Hata hivyo gata haizuii maji ya mlima.

#39 Mama Geti
Kwa hiyo orodha imefika: hati, njia, mfereji, kushusha udongo, gata, tanki, ethi, dari, tailizi. Kwa milioni 12. Mtoa mada anauza nyumba au anajenga nyingine?

#40 Ngosha wa Igoma
Au aiuze kama ilivyo, ashushe bei, mnunuzi ajipambanie. Mlimani kuna wanaonunua kiwanja na kubomoa. Huyo hata lipu haimhusu.

#41 MthaminiNyanza
Inawezekana, ila anayenunua kubomoa analipia ardhi peke yake, na ardhi ya mteremko yenye jiwe la Hiace...

#42 DagaaMbichi
Jiwe tena 😂

#43 Mteremko
Nimepima jiwe leo. Kilele kipo mita 5 na nusu juu ya sakafu. Kwa upande mmoja nimechimba kwa sululu sentimita 30, bado linaendelea kushuka na kupanuka, sijaona mwisho wake. Alama ya tanki nimeweka usiku huu. Kesho bafu.

#44 Sato_Wa_Kukaanga
Linapanuka kwenda chini? Dalili nzuri hiyo, huenda limeota. Lakini umechimba upande mmoja. Chimba na upande wa mteremko, vishimo viwili vidogo, si mtaro, na uvifukie siku hiyohiyo kabla ya mvua. Ukikuta udongo mwekundu unaingia chini yake, tanki libaki kwenye mnara.

#45 BombaMbili
Likiwa limeota, kitako cha tanki kikae kwenye 5.5, toa mita 2 za shawa, unabaki na kimo cha mita 3 na nusu. Baa 0.35. Kwa shawa ya kawaida yanatoka vizuri, kwa hita soma kwenye boksi lake inataka kiasi gani kabla hujanunua.

#46 Bi Mkuyuni
Alama ya tanki, kaka, tusubirie asubuhi.